Vizimba vya Samaki Katika Ziwa Kivu: Mwongozo wa Kupima na Kulinda Oksijeni na Virutubisho vya Maji

Mfugaji anayeshusha kizimba chake cha kwanza, yaani wavu wa kufugia samaki ndani ya maji, katika Ziwa Kivu, iwe ni Kyeshero, Nzulo, Minova au chini ya vilima vya Bukavu, mara nyingi huwa amefundishwa na mtu aliyefanya kazi hiyo Ziwa Victoria, na hesabu anazokuja nazo ni za huko: samaki wangapi kwa kila mita ya ujazo, chakula kiasi gani, kina gani chini ya wavu. Hesabu hizo si za uongo, ila zilipimwa katika maji mengine. Mwongozo huu unaeleza, hatua kwa hatua, jinsi kizimba kinavyokula oksijeni ya maji yanayokizunguka, jinsi kinavyoyaongezea nitrojeni (ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni kwa jina la azoti) pamoja na fosforasi, na namna mfugaji wa Kivu anavyoweza kupima mambo hayo mwenyewe kabla samaki hawajamjibu kwa kuelea matumbo juu.

Hatua ya kwanza: kulijua ziwa lenyewe

Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa hewa ya huku juu ni nyepesi, maji nayo hubeba oksijeni pungufu. Maji yasiyo na chumvi yenye joto la nyuzi 24, yakiwa kwenye usawa wa bahari, hushiba kwa miligramu 8.4 za oksijeni kwa lita. Maji ya joto hilohilo yakiwa Goma, mji ulio kando ya ziwa hili, hushiba kwa takriban miligramu 7 tu. Kwa hiyo jedwali lolote la kitabu linaloanza na 8 limempa mfugaji akiba ambayo hana.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Ziwa hili lina kina cha mita 485 mahali pake pa ndani kabisa, lakini sehemu iliyo hai ni kifuniko chembamba tu juu ya maji mengine mazito, yenye chumvi, yasiyochanganyika na ya juu. Wakati wa mvua oksijeni huishia kwenye mita thelathini na kitu. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo mkavu wa kusini huyapoza maji ya juu, yakazama na kuchanganyika hadi kwenye mita 60 hivi. Chini ya hapo hakuna oksijeni kabisa, bali kuna methani, kaboni dioksidi, gesi ya salfa inayonuka kama yai viza, na akiba kubwa ya amonia na fosforasi iliyorundikana kwa karne nyingi. Anayesema "ziwa letu ni refu, uchafu wa samaki utapotelea chini" amesema nusu ya ukweli. Uchafu unaozama huko haupotei, unawekwa ghalani, na ghala hilo hufunguka kidogo kila kiangazi.

La tatu ni kwamba maji ya Kivu ni ya alikali, yaani kinyume cha asidi, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 9. Nitalirudia hili kwa kirefu, kwa sababu ndilo linaloua samaki wa watu wasiojua kilichowaua.

Hatua ya pili: kuchagua mahali

Kuna mahali ambapo kizimba hakipaswi kuwekwa hata kwa bure. Ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, imetenganishwa na ziwa kubwa kwa kizingiti cha miamba ya volkano, na humo oksijeni huishia kwenye mita kumi au kumi na mbili tu, chini yake kukiwa na maji yaliyojaa kaboni dioksidi. Upepo mkali ukiyasukuma maji ya juu upande mmoja, maji ya chini hupanda upande wa pili, na wavu wenye kina cha mita nne au tano hauna pa kukimbilia. Vivyo hivyo, ufuo ambao wenyeji wanaujua kwa mazuku, ile hewa nzito inayolala mabondeni na kuua mbuzi na hata watu, haufai bila kupimwa kwanza, kwa kuwa gesi inayotoka ardhini inaweza kutoka pia chini ya maji ya kando. Waulize wazee wa hapo kabla ya kununua hata kamba moja. Wanajua ni ghuba gani huwa na dagaa waliokufa asubuhi baada ya dhoruba.

Kwingineko, kanuni ni kuwa na maji ya kutosha chini ya wavu. Kwenye ghuba yenye kina cha mita nane, wavu wa mita nne huacha mita nne tu kati yake na tope. Kinyesi na chakula kilichobaki hurundikana papo hapo, huoza, na uozo huo hula oksijeni ya maji yaleyale yanayopanda kwenye kizimba. Kwa bahati nzuri kingo za Kivu ni za kuteremka ghafla, na mara nyingi mita 50 kutoka ufukweni mtu huwa amekwisha kupata kina cha mita 20 au 30. Kina hicho kinafaa, ingawa kina gharama yake: nanga hushuka mbali, na miamba ya lava hukata kamba kama wembe. Kamba za nanga zikaguliwe kila mwezi na mtu anayejua kupiga mbizi.

Baada ya kina, pima mkondo, na kwa hilo huhitaji kifaa cha dola mia tano. Chukua chungwa. Chungwa huelea likiwa karibu lote ndani ya maji, kwa hiyo upepo haulisukumi kama unavyosukuma chupa tupu. Funga kamba ya mita 10 kwenye mtumbwi uliotia nanga, achia chungwa, na uhesabu dakika mpaka lifike mwisho wa kamba. Likitumia dakika nane na sekunde kadhaa, mkondo ni wa sentimita 2 kwa sekunde. Likitumia karibu dakika 17, ni wa sentimita 1. Fanya hivyo alfajiri, mchana na jioni, kwa siku nyingi, na uandike pia siku ambazo chungwa lilikaa tu pale lilipotupwa, kwa sababu hizo ndizo siku zitakazoamua uweke samaki wangapi.

Jambo la mwisho la mahali: watu. Goma yote, kuanzia mitambo ya maji ya mji hadi mtoto anayejaza bidoni pale Kituku, hunywa ziwa hili. Kizimba kiwekwe mbali na mahali pa kuteka maji, na upande ambao mkondo hauelekei huko. Sheria ya mazingira ya Kongo ya mwaka 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa miradi inayoweza kuyadhuru mazingira. Ni vyema kuulizia mapema katika ofisi ya mazingira ya jimbo kama mradi wako unahusika, kuliko kuulizwa wewe baadaye.

Hatua ya tatu: kupiga hesabu ya oksijeni

Tuchukue kizimba cha kawaida chenye upana wa mita 5 kwa 5 na kina cha mita 3, yaani mita za ujazo 75, chenye kilo 1,500 za tilapia waliokaribia kuvunwa. Samaki hao, baada ya kula, hutumia takriban miligramu 250 za oksijeni kwa kila kilo kwa saa, na hivyo wote kwa pamoja hutumia gramu 375 kwa saa. Maji yaliyomo ndani ya wavu, yakiwa yameshiba kwa miligramu 7 kwa lita, yana gramu 525. Lakini huwezi kuzitumia zote, kwani tukitaka samaki waendelee kula na kukua ni lazima tuwaachie angalau miligramu 4. Kinachobaki cha kutumia ni miligramu 3 kwa lita, yaani gramu 225. Gawa kwa 375. Maji yakisimama kabisa, akiba imekwisha baada ya dakika 36.

Kwa hiyo kizimba hakiishi kwa maji yaliyomo, kinaishi kwa maji yanayopita. Mkondo wa sentimita 2 kwa sekunde ukipenya upande wenye mita 5 kwa 3 hupitisha mita za ujazo 1,080 kwa saa, nazo huleta zaidi ya kilo 3 za oksijeni inayoweza kutumika, karibu mara tisa ya mahitaji. Hapo kila mtu ni mfugaji hodari. Sasa punguza mkondo uwe sentimita 1, uache wavu uote utelezi wa kijani mpaka nusu tu ya maji ipenye: zimebaki mita za ujazo 270 kwa saa. Mchana bado zinaleta gramu 810 na samaki wanapumua vizuri. Lakini alfajiri, baada ya usiku mzima ambao mwani, ile mimea midogo ya majini, nao umekuwa ukitumia oksijeni bila kuitengeneza, maji yanayoingia huwa na miligramu 5.5 badala ya 7. Ziada ni miligramu 1.5, na mkondo uleule sasa unaleta gramu 405. Samaki wanahitaji 375. Kizimba hicho kinaishi kwa tofauti ya gramu 30.

Nyuma yake, kwenye mstari wa mkondo, kuna kizimba cha pili na cha tatu. Cha kwanza kimekwisha kunywa. Cha pili kinapokea mabaki. Hii ndiyo sababu vizimba havipangwi kama mabehewa ya treni kufuata mkondo. Hupangwa kwa kuukinga mkondo kwa ubavu, kama watu waliosimama bega kwa bega wakitazama upepo, na kati ya kimoja na kingine huachwa nafasi isiyopungua upana wa kizimba kizima. Nimeona vizimba sita vilivyofungwa pamoja ili mlinzi mmoja avione vyote kwa tochi moja. Naelewa kwa nini, maana wizi upo. Lakini mwizi huchukua samaki wa ndoo moja, na mpangilio ule ulichukua wa vizimba viwili kwa usiku mmoja.

Hatua ya nne: kupima, na kupima vizuri

Kipima-oksijeni chochote kinachoaminika huuliza mwinuko au mgandamizo wa hewa wakati wa kukirekebisha. Swali hilo halirukwi. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii nilitumia kifaa kilichokuwa bado kimepangwa kwa usawa wa bahari. Alfajiri kilinionyesha 4.8, nikaandika 4.8 na kwenda kunywa chai, kumbe maji yalikuwa na miligramu 4.0. Samaki waligoma kula wiki nzima na mimi nikamlaumu aliyeniuzia chakula, mzee wa watu asiye na kosa lolote, mpaka kijana wa maabara alipokibonyeza kile kifaa mara tatu na kuniuliza, kwa upole ulioniumiza zaidi, kama Goma iko ufukweni mwa bahari.

Ili ujue kifaa kimepangwa sawasawa, kirekebishe hewani kikiwa ndani ya kitambaa chenye unyevu, halafu kitumbukize katika ndoo ya maji ya ziwa uliyoimimina na kuichota mara ishirini. Kwa joto la nyuzi 24 kinatakiwa kusoma karibu na 7. Kikisoma 8.4, kinaota.

Wakati wa kupima ni alfajiri, kabla jua halijachomoza, kwa kuwa hapo ndipo oksijeni inapokuwa chini kabisa. Kipimo cha mchana hudanganya: mwani ukiwa mwingi, maji ya adhuhuri huweza kushiba kupita kiasi na kumpa mfugaji furaha, ilhali wingi uleule wa mwani ndio utakaozinyonya oksijeni zote usiku. Pima mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri, na utazame tofauti. Tofauti ikianza kupanuka wiki hadi wiki, maji yanarutubika kuliko inavyofaa, hata kama kila kipimo peke yake bado kinapendeza.

Kuhusu mahali pa kupimia: ndani ya kizimba katikati, si pembeni, mita 50 mbele ya vizimba upande mkondo unakotoka, kisha mita 10, 50 na 200 nyuma yao upande unakoelekea. Katika kila kituo shusha waya hadi mita 1, 5, 10 na 20. Kipimo cha mbele ya vizimba ndicho shahidi wako. Mito na makorongo ya Bukavu humwaga ziwani kila kitu ambacho mvua imekikuta njiani, na Goma nayo haina mfumo wa maji taka wa kujivunia. Siku wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa Kivu, watakapokuja kulalamika kwamba vizimba vimeharibu maji, daftari linaloonyesha maji yalivyofika yakiwa tayari yamechafuka litakutetea kuliko maneno. Na likionyesha kwamba yameharibikia kwako, utakuwa umejua kabla yao. Anza kupima kabla hata ya kushusha vizimba, angalau kiangazi kimoja na masika moja. Najua hakuna mwenye mtaji anayependa kusikia hivyo.

Hatua ya tano: kupiga hesabu ya virutubisho

Hapa kalamu na karatasi vinatosha. Chakula chenye protini asilimia 30 kina nitrojeni karibu asilimia 4.8, na kwa kawaida fosforasi karibu asilimia 1.1. Samaki mzima, akiwa mbichi, hubeba nitrojeni asilimia 2.5 hivi na fosforasi asilimia 0.8. Kisichokwenda na samaki sokoni kimebaki ziwani.

Mfugaji anayetumia kilo 1,700 za chakula kupata tani moja ya samaki ameingiza kilo 82 za nitrojeni na karibu kilo 19 za fosforasi; samaki wameondoka na kilo 25 na 8; ziwa limebaki na kilo 57 za nitrojeni na 11 za fosforasi. Jirani yake anayetumia kilo 2,200 kwa tani ileile, kwa sababu chakula chake ni cha unga unaomeguka au kwa sababu kijana wake hurusha bila kutazama, ameliachia ziwa kilo 81 za nitrojeni na 16 za fosforasi. Samaki ni walewale. Tofauti ya kilo 500 za chakula ameilipia yeye, kisha akailipia tena kwa oksijeni.

Analipaje kwa oksijeni? Fosforasi ndiyo mwani wa juu unayoipungukiwa mara nyingi, kwa hiyo kila kidogo kinachoongezwa hugeuka kuwa mwani. Kilo moja ya fosforasi ikinyonywa yote huweza kulisha kilo 100 hivi za mwani mkavu, na mwani huo ukifa na kuoza wote hutumia takriban kilo 140 za oksijeni. Si fosforasi yote inayobaki juu. Zaidi ya nusu hushuka pamoja na kinyesi. Katika maji yenye kina kirefu na mkondo, sehemu hiyo huvuka kifuniko na kuingia ghalani. Katika ghuba yenye kina kifupi hubaki kwenye tope, na tope likikosa oksijeni huiachia fosforasi irudi majini, mzunguko ukaanza upya bila wewe kurusha hata kiganja cha chakula.

Nitrojeni ina hadithi nyingine. Sehemu yake kubwa haitoki kwa kinyesi bali kwa matamvua, ikiwa amonia iliyokwisha kuyeyuka, na hapa ndipo ile pH ya 9 inapoingia. Amonia ina sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu inayopenya matamvua. Katika maji ya pH 7.5 na nyuzi 24, sumu ni chini ya asilimia 2 ya amonia yote. Katika pH 9.1 ya Kivu, ni karibu asilimia 40. Mtu akitaka sumu isizidi miligramu 0.05 kwa lita, ambacho ni kiwango cha tahadhari kwa tilapia wanaokaa humo muda mrefu, katika maji ya kawaida anaweza kuvumilia amonia yote ya miligramu 3 kwa lita; hapa kwetu mwisho wake ni 0.12. Ile karatasi ya rangi inayouzwa pamoja na kemikali za matone za kupimia amonia, inayoonyesha manjano isiyokolea na kuandika "salama" mpaka miligramu 1, haikuandikwa kwa ajili ya Kivu. Sisemi itupwe. Nasema isomwe kwa kuzidisha kwa 0.4.

Rudi kwenye kizimba chetu cha kilo 1,500. Kwa kilo 30 za chakula kwa siku, samaki watatoa takriban gramu 36 za nitrojeni ya amonia kwa saa. Kwenye zile mita za ujazo 270 za wavu mchafu, hiyo ni miligramu 0.13 kwa lita juu ya ile iliyokuwamo. Tumefika ukingoni kwa njia ya pili, katika alfajiri ileile, kwa sababu ileile ya wavu usiosafishwa. Samaki anayekosa oksijeni na kuunguzwa matamvua kwa wakati mmoja hafi polepole.

Hatua ya sita: kufuatilia mabadiliko bila maabara

Tengeneza sahani ya bati yenye upana wa sentimita 20, ipake rangi nyeupe, itobolewe katikati, ifungiwe jiwe chini na kamba yenye alama za nusu mita juu. Ishushe upande wenye kivuli wa mtumbwi mpaka isionekane, ipandishe mpaka ionekane tena, uandike wastani wa vina hivyo viwili. Katika ziwa la wazi sahani hii kwa kawaida huonekana hadi mita 4 au 6. Kwenye vizimba ikianza kupotea mita 3, kisha 2, mwani unaongezeka. Linganisha daima na kituo cha mbele ya vizimba, kwa kuwa kiangazi chenyewe hupunguza uangavu wa maji bila kosa la mtu.

Chini ya vizimba, kama ni pa kufikika, zamisha kopo la kuzoa tope mara moja kila baada ya miezi mitatu. Tope la kahawia lisilo na harufu ni habari njema. Tope jeusi lenye harufu ya yai viza ni amri ya kuhama. Vizimba vihamishwe angalau mita mia pembeni, mahali pa zamani papumzike mzunguko mzima wa ufugaji, ndipo pajaribiwe tena.

Hatua ya saba: mkono unaolisha na mkono unaosafisha

Chakula kinachoelea ni ghali kuliko cha kuzama, lakini kinakupa macho: unaona kilicholiwa na kilichobaki. Wengi wetu tunachanganya wenyewe soya, pumba za mahindi na sambaza waliokauka, na sipingi, ila mchanganyiko huo ukaushwe vizuri na kuchekechwa, maana vumbi linalobaki chini ya mfuko haliliwi na samaki yeyote. Ni mbolea unayoinyunyizia ziwa kwa fedha zako. Usilishe alfajiri. Subiri masaa mawili au matatu baada ya jua kuchomoza, oksijeni ikiwa imepanda kupita miligramu 5, na mlo wa mwisho uishe jua likiwa bado juu, kwa sababu samaki aliyeshiba hupumua zaidi, na hutaki akapumue zaidi gizani. Rusha kidogo, ngoja, tazama. Maji yakitulia juu huku chembe zinaelea, acha. Mama mmoja wa Himbi ninayemheshimu sana katika kazi hii hulisha kwa kikombe cha chai, kamwe si kwa beleshi, na hupata tani moja kwa chakula pungufu kuliko wanaume wote wa ufuo wake.

Wavu usafishwe kila wiki mbili, mara nyingi zaidi maji yakiwa ya kijani. Badilisha wavu na kuuanika juani badala ya kuusugua ndani ya maji, kwa sababu utelezi unaosuguliwa mbele ya kizimba kingine huingia humo. Samaki wanapokua, wahamishie kwenye wavu wenye macho makubwa zaidi, maji yapenye. Waliokufa waondolewe kila asubuhi na kuzikwa nchi kavu mbali na ukingo. Matumbo ya siku ya mavuno yasimwagwe ziwani.

Hatua ya nane: kujiandaa kwa Juni

Mwisho wa mwaka 2022 wafugaji wa vizimba wa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria walipoteza samaki wengi sana kwa siku chache, na maji yaliyopungukiwa oksijeni yalitajwa kuwa chanzo. Kwetu msimu wa kuogopwa ni kiangazi, upepo unapoanza kuyachanganya maji na kuyapandisha yale ya chini yenye oksijeni haba na amonia nyingi. Kabla ya Juni vuna wakubwa, ili kila mita ya ujazo ibaki na kilo zisizozidi 10 badala ya 20. Punguza chakula kwa theluthi moja katika wiki za upepo. Weka tayari kamba ndefu na mtumbwi wa kukokota.

Ukikuta alfajiri samaki wamejaa juu, midomo wazi, wanameza hewa, usirushe chakula ukidhani wana njaa. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mgeni. Pima kwenye mita 1, 3 na 5. Kama oksijeni imepungua ndani ya kizimba lakini nje, upande mkondo unakotoka, iko sawa, tatizo ni wavu au wingi: inua pembe moja ya wavu mchafu, ubadilishe, au uwagawe samaki. Kama imepungua hata nje, ni maji ya chini ya ziwa yamepanda. Fungua nanga za kizimba kilicho ndani kabisa ya ghuba na ukikokote polepole kuelekea maji ya wazi, ukipima kila mita 50 mpaka kifaa kisome zaidi ya 4. Samaki wasilishwe siku hiyo nzima wala kesho yake asubuhi. Kipimo, saa, upepo ulikotoka na harufu ya maji viandikwe daftarini kabla ya kurudi ufukweni, wakati mikono bado ina maji.